Masta Sinza au chumba na sebule Temboni? Soma kwanza kabla hujatoa kodi ya miezi sita

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni binti wa miaka 26, nipo Mbeya, nimepata kazi Dar, ofisi ipo Posta karibu na Kivukoni, naanza tarehe moja mwezi ujao. Mshahara nikishakatwa vyote nabaki na 650,000, na akiba niliyonayo ni 1,200,000. Dalali kanitumia picha za sehemu mbili, masta (chumba chenye choo na bafu humohumo) Sinza 180,000 kwa mwezi na chumba na sebule Kimara Temboni 120,000. Zote anataka miezi sita, yeye mwezi mmoja, na 20,000 ya kunionyesha. Anasema nitume hata kodi ya mwezi mmoja kwa simu anishikie mana kuna mtu mwingine anaitaka. Kaka yangu yeye anasema nikae Kigamboni. Nina shangazi Gongo la Mboto ila sitaki kumsumbua. Nichukue ipi? Na wikendi ntakuwa nafanya nini huko, sijui mtu.

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa kazi. Naanza na hilo la kutuma hela mana ndo la haraka kuliko yote: usitume. Hata elfu kumi usitume, hata akikutumia picha ya kitambulisho chake, hata akikupigia video yupo ndani ya hicho chumba anakuonyesha tailizi na feni. Sisemi huyo dalali ni tapeli, simjui, anaweza kuwa mtu safi kabisa, ila hela ya pango inatoka mkononi mwako ukiwa umesimama ndani ya hiyo nyumba na mwenye nyumba yupo mbele yako, basi. Na hayo maneno ya kuna mtu mwingine anaitaka, nimefanya udalali Sinza, Kijitonyama na Mwananyamala miaka mingi kabla sijaanza kusimamia nyumba za watu, hayo maneno tunayasema kwa kila mteja. Chumba kikiondoka kuna kingine. Dar ina watu zaidi ya milioni tano kwa sensa ya 2022 na kila mwezi kuna watu wanahama, vyumba haviishi.

Kuna kijana mmoja siwezi kumsahau. Nilikuwa nimekaa barazani na mama mmoja mwenye nyumba, jioni, saa moja na nusu hivi, bajaji ikasimama, akashuka kijana na godoro limekunjwa limefungwa kamba, ndoo mbili na begi. Akasalimia vizuri, akasema mama mimi ndo yule mpangaji wa chumba cha mbele. Mama akamwangalia. Chumba cha mbele kilikuwa na mtu, yupo ndani anasikiliza taarabu, ana miaka mitatu pale. Yule kijana akatoa simu akatuonyesha picha, na picha zilikuwa za kweli kabisa, ni nyumba ileile, geti lilelile la bluu, mpaka ule mpapai uani unaonekana. Mtu alipita siku moja akajifanya dalali anatafutia mteja, akapiga picha, akaondoka nazo. Kijana alishalipa miezi mitatu kwa simu. Tulimtafutia pa kulala siku ile, mama alimpa na chakula, lakini hela haikurudi. Kwahiyo nikikwambia usitume nakuwa namwona yule kijana na godoro lake.

Haya, la pili, shangazi. Nenda kwa shangazi. Najua hutaki kumsumbua na ni tabia nzuri, ila wiki mbili au tatu Gongo la Mboto ndo zitakuokoa kuliko ushauri wangu wote. Mpigie mwenyewe, usipitie kwa mtu, mwambie shangazi nimepata kazi naomba unipokee wiki mbili nitafute chumba, beba mchele wa Kyela na maparachichi, ukifika shika ufagio na uamke mapema. Hakuna shangazi atakayekufukuza. Asubuhi foleni ya Nyerere Road kutoka huko ni ngumu, utachoka, utatoka giza, lakini jioni ukitoka kazini na siku ya Jumamosi unapata muda wa kwenda kuangalia nyumba kwa macho yako na kwa nauli yako. Mtu anayetafuta chumba huku begi liko gesti analipia kila siku anachukua chochote, dalali anamjua kwa kumwangalia tu.

Sasa tufanye hesabu yako, mana naona umelinganisha 180,000 na 120,000 ukaona Temboni ina nafuu ya elfu sitini. Bado hujamaliza hesabu.

Sinza kwanza. Miezi sita ni 1,080,000, weka dalali 180,000, weka elfu ishirini ya kuonyeshwa, jumla 1,280,000. Akiba yako ni 1,200,000. Yani hiyo ya Sinza kwa miezi sita huiwezi hata kabla hujanunua godoro, na dalali anajua, anategemea utakopa. Temboni ni 720,000 na dalali 120,000 na ile elfu ishirini, 860,000, unabaki na 340,000 ya kununua godoro, jiko la gesi, ndoo, pazia, na ya kula mpaka mshahara wa kwanza utoke, na kumbuka unaanza tarehe moja kwahiyo mshahara ni mwisho wa mwezi ule, siku thelathini nzima unaishi kwa hiyo hela. Inabana ila inawezekana.

Sasa njoo kwenye nauli, hapa ndo watu wengi wanaotoka mikoani wanaumia. Temboni ipo Morogoro Road, ukishapita Kimara Mwisho unaikuta Stop Over, Suka, halafu Temboni kabla hujafika Mbezi Mwisho. Njia ya kwanza ya mwendokasi, yale mabasi yenye barabara yao wenyewe, iliyoanza 2016, inaanzia Kimara Mwisho inaenda mpaka Kivukoni, kwahiyo kwa ofisi yako hiyo njia ni nzuri, inakushusha karibu na mlango. Lakini wewe unaanzia Temboni, na swali sio Temboni, swali ni Temboni ipi. Nyumba ikiwa juu barabarani unatembea dakika saba unapanda gari, tuseme unatumia elfu tatu kwa siku kwenda na kurudi, siku 26 za kazi ni 78,000. Jumlisha na pango, 198,000. Hapo sawa, Temboni inashinda. Lakini nyumba nyingi za bei hiyo ziko ndani, unashuka mteremko, unapita daraja la miti, unapanda tena, kule bila bodaboda huendi, hasa usiku. Boda elfu moja kwenda elfu moja kurudi, inakuwa elfu tano kwa siku, 130,000 kwa mwezi. Ongeza pango 120,000, unapata 250,000. Ile masta ya Sinza ukitembea mpaka kituo cha Shekilango na kutumia elfu mbili kwa siku, 52,000 na 180,000, ni 232,000. Umeona? Ile nyumba ya bei rahisi imekuwa ya gharama kuliko Sinza, na bado sijahesabu muda wako barabarani. Nauli zibadilishe uweke unazokuta mwenyewe, hesabu ifanye hivyohivyo.

Kwahiyo kitu cha kwanza kumuuliza dalali ni kutoka kituoni mpaka mlangoni ni dakika ngapi kwa mguu. Atakwambia dakika tano. Dakika tano za dalali ni dakika tano za bodaboda, shika hilo. Ndo mana nakwambia siku ya kwenda kuangalia mwambie mkutane kituoni na mtembee, akisema tupande boda ni mbali kidogo basi jibu umeshapata. Weka saa kwenye simu. Ikizidi dakika kumi na tano na wewe ni binti unayetoka kazini saa kumi na mbili jioni, unafika kituoni saa mbili kasoro siku za foleni, angalia hiyo njia ina taa au haina, ina maduka yanayofunguliwa usiku au ni kuta na mapagala. Rudi siku nyingine peke yako usiku saa mbili upite njia hiyohiyo. Na kama unaweza, siku moja fika Kimara saa kumi na mbili asubuhi uone foleni ya watu kituoni na jinsi gari zinavyojaa, uone kama hayo maisha unayaweza kila siku. Pango utalipa mara moja kwa miezi kadhaa, njia utailipa kila asubuhi na kila jioni.

Kigamboni ya kaka yako usiidharau, kwa ofisi ya Kivukoni sio wazo baya. Kuna daraja la Nyerere pale Kurasini toka 2016 ila wewe hulihitaji, wewe unahitaji panton, yani kile kivuko cha majini, mana inakuacha palepale Kivukoni, unatembea ofisini. Sharti ni moja tu, nyumba iwe ya kutembea kwa mguu mpaka feri. Ukipata chumba karibu na feri upande wa pili ni maisha mazuri, vyumba bei yake ni nafuu kuliko Sinza, upepo wa bahari, samaki unanunua soko la Feri ukitoka kazini. Ila akikupeleka Kibada au Mjimwema huko, unapanda daladala au bajaji, halafu panton, na panton siku ikiwa moja imeharibika mnasimama kwenye lile banda kama dagaa, na bosi haelewi mambo ya panton kila wiki. Nenda Jumamosi moja na kaka kama yupo huku, muangalie ndani ya mzunguko wa feri tu.

Na kuna sehemu nyingine ambazo dalali wako hajakutajia. Fuata mstari wa mwendokasi: Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara Baruti, Kimara Mwisho yenyewe. Manzese na Magomeni watu wanaogopa jina, wanasema uswahilini, lakini mimi nimewapangisha mabinti wengi wa maofisini pale na wametulia, nyumba ya mama wa makamo, geti linafungwa saa nne, majirani wote wanajuana, mgeni akiingia anaulizwa ni wa nani. Kwa usalama wa binti asiye na ndugu karibu, mimi namchagua mama mwenye nyumba anayekaa humohumo kuliko apatimenti yenye fensi ndefu ambayo hakuna anayejua jirani anaitwa nani. Utakerwa siku mbili tatu na maswali yake, lakini siku ukiumwa homa usiku ndo huyohuyo atakugongea na uji.

Ila sehemu za mabondeni usiende, hata wakupe kwa bei ya bure. Kando ya Mto Msimbazi, kuanzia Jangwani, Kigogo na kule Mchikichini, na kando ya mto Ng'ombe kule Tandale na Mwananyamala. Mafuriko ya Desemba 2011 watu walihamishwa mpaka Mabwepande, na mvua kubwa ikinyesha Jangwani hujaa maji mpaka mabasi ya mwendokasi yanasimama. Wewe unakuja wakati kumekauka utaona panapendeza. Angalia ukuta. Maji yakishaingia kwenye nyumba yanaacha mstari wa kahawia, na mwenye nyumba anapaka rangi kuufuta, kwahiyo ukikuta rangi mpya imepakwa nusu ya chini tu, au plasta imevimba na inabanduka kwenye usawa wa goti, au soketi za umeme zote zimewekwa juu usawa wa kifua, uliza. Usimuulize dalali, muulize mama anayeuza vitumbua jirani, mwambie mama masika hapa maji yanafika wapi. Atakuonyesha kwa mkono.

Ukiwa ndani ya chumba sasa, tailizi na gipsam usiziangalie sana, hizo ndo zimewekwa uziangalie. Fungua bomba. Mara nyingi utasikia upepo unapiga sssss, wanakwambia aah leo tu. Tembea uani uangalie vyombo vya maji. Ukiona madumu yamepangwa ukutani yameandikwa majina kwa rangi ya kucha, mama Asha, Juma, chumba namba 4, ujue hapo maji yana zamu na watu wanayahesabu. Sio lazima ukatae, ila uliza maji yanatoka siku gani, ni ya bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, au kisima, kama kisima yana chumvi au hayana, mana maji ya chumvi Dar ni mengi, hayaivishi maharage na nguo nyeupe zinageuka rangi. Onja. Chukua kidogo mkononi uonje kabisa, sio aibu. Na kama kuna simtanki juu uliza nani anapandisha maji na umeme wa mita ya nani.

Umeme ndo ugomvi namba moja kwenye nyumba za kupanga, nimeamua kesi nyingi za LUKU, huu umeme wa kununua kabla ya kutumia, kuliko za kodi. Kuna nyumba moja nilikuwa naisimamia, vyumba vitano mita moja, daftari limening'inizwa kwa kamba pembeni ya mita, kila mtu anaandika ametoa shilingi ngapi na siku gani. Chumba cha mwisho kulikuwa na mama anauza barafu na juisi, ana friza kubwa inaunguruma usiku na mchana. Chumba cha mbele kijana ana taa moja na feni. Wote wanachanga sawa. Yule kijana alivumilia miezi minne, siku moja akaikata ile kamba ya daftari akalitupa, na toka siku hiyo hawakusalimiana mpaka alipohama. Hakuna mbaya hapo, mama anatafuta riziki na kijana anaumia, mpangilio ndo ulikuwa mbovu. Kwahiyo tafuta chumba chenye mita yake au angalau submita, yani mita ndogo ya kupima umeme wa chumba chako tu, na kama ni ya kushea, uliza nani ana friza, nani anapikia umeme, mnachangaje.

Na kabla hujalipa pango, nunua LUKU ya elfu mbili kwa namba ya mita ya pale huku mwenye nyumba anaona. Ujumbe ukirudi usome vizuri. Kama mita ina deni la nyuma litakatwa na utaliona, na hilo sio lako, limalizwe kwanza. Utakuta pia kodi ya jengo inakatwa humohumo, toka 2021 wameiweka kwenye LUKU. Hiyo kodi ni ya mwenye nyumba, sio ya mpangaji, kwahiyo ongea naye mapema akurudishie au aipunguze kwenye pango, wengi wakiombwa kwa heshima wanakubali, tatizo wapangaji hawaombi. Bili ya maji nayo omba uone ya mwezi uliopita.

Sasa hapa naomba unisikilize kwa makini, kumjua mwenye nyumba. Huku mitaani nyumba nyingi hazina hati, zina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, nyingine zina leseni ya makazi, nyingine ni za urithi na ndugu sita hawaelewani. Kwahiyo ukisema naomba hati utaonekana unatafuta ugomvi na hutaipata. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Ni chumba kidogo tu kina bendera mbele, ndani kuna afisa mtendaji na muhuri wake, na mwenyekiti yule aliyechaguliwa Novemba 2024 hakai mbali. Mwambie nataka kupanga nyumba ile yenye geti jekundu, nilikuwa naomba kujua mwenyewe ni nani. Watakwambia ni ya mzee fulani, au watakwambia mwanangu ile ina kesi ya mirathi, wapangaji wawili wameshatolewa. Hayo maneno huwezi kuyapata kwa dalali wala kwenye karatasi yoyote. Dakika ishirini tu hizo na hakuna gharama, lakini wapangaji wanaofanya hivyo ni wachache mno, inaniuma kila nikiona mtu analia kwa kitu ambacho mtendaji angemwambia bure.

Na ofisi hiyo utaihitaji tena, mana barua ya utambulisho ya benki, ya NIDA, ya kumdhamini mtu, inatoka pale, na wanatoa kwa mkazi wanayemjua. Ukishahamia nenda ujiandikishe kwenye daftari la wakazi. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni kila baada ya miaka mitano na unaandikishwa mtaani kwako, sio lile daftari la kudumu la uchaguzi mkuu, wapangaji wengi hawajiandikishi wanasema mimi napita tu, halafu wanalalamika taka hazizolewi na taa za njia hazipo. Dar asilimia kubwa tuliopo tumepanga, tukisema tunapita tu mtaa unabaki hauna mwenyewe.

Mkataba. Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa 2005, kwahiyo mwenye nyumba anaweza kupandisha anavyotaka mkataba ukiisha, na kinachokulinda ni kile mlichoandikiana. Ile fomu inayouzwa stesheneri inatosha, ila ongeza kwa kalamu: kodi haipandi ndani ya muda uliolipiwa, kabla ya kupandisha au kukutoa anatoa notisi ya miezi miwili kwa maandishi, mita namba fulani ilikuwa na uniti ngapi siku unaingia, vitu vibovu ulivyovikuta. Mweke shahidi wake na wako, shangazi anafaa, mpige muhuri wa mtaa. Na mwenye nyumba asaini mwenyewe, sio dalali. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka uachwe ukae kwa amani muda wako, kwahiyo hata siku moja asikudanganye kwamba anaweza kukubadilishia kitasa ukiwa kazini. Mkishindwana kuna baraza la kata la kusuluhisha, ikishindikana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini mimi kwa miaka yote hii mwenyekiti wa mtaa na karatasi yenye muhuri vimemaliza tisa kwenye kumi.

Hela, ukiwa palepale kwenye nyumba na mwenye nyumba yupo mbele yako, lipa benki au kwa simu kwenda namba yenye jina lake, ili kuwe na alama. Na ukishahamia utapata meseji, mimi mwenye nyumba wako ile kodi tuma kwenye namba hii, hiyo inatumwa kwa kila mtu nchi nzima, ifute. Mwenye nyumba wako utamjua kwa sauti.

Kuhusu miezi sita, omba mitatu. Ongea na mwenye nyumba mwenyewe, sio dalali, mana dalali anaogopa tu chumba kisimpotee. Mwambie baba au mama, nimeanza kazi mwezi huu, barua ya ajira hii hapa, nakuomba nianze na miezi mitatu halafu miezi inayofuata ntalipa sita. Barua ya ajira ina nguvu kuliko unavyofikiri, wenye nyumba wanachoogopa ni mtu asiyejulikana anapata wapi. Sinza kwa miezi mitatu ni 540,000, na dalali 180,000, na ile 20,000, jumla 740,000, unabaki na 460,000. Hapo Sinza imekuwa kitu kinachowezekana. Ile ya dalali mpe, mwezi mmoja ndo desturi, ila mpe siku unapokabidhiwa ufunguo na sio kabla. Hela ya kuonyeshwa makubaliano yawe elfu ishirini kwa nyumba zote mpaka upate, sio kila nyumba.

Kwahiyo nikijibu swali lako moja kwa moja, kwa huo mshahara na hiyo ofisi, mimi ningeweka pango na nauli kwa pamoja visizidi 250,000, ningeanza kutafuta karibu na vituo vya mwendokasi kati ya Magomeni na Kimara Mwisho na upande wa feri Kigamboni, masta ya Sinza ningeichukua tu kwa miezi mitatu na kama mita ni yako, na Temboni ningeichukua tu ikiwa unatembea. Chumba kimoja kinatosha kuanza. Sebule utaijaza na nini saivi?

Wikendi usiogope. Jumamosi ya kwanza panda panton nenda Kigamboni rudi, hata kama huna shida huko, utaliona jiji lote kutoka majini. Coco Beach Jumapili jioni kuna mihogo ya kukaanga na pilipili, watu wamejaa na familia zao, unaweza kukaa peke yako na hakuna anayekushangaa. Makumbusho ya Taifa yapo karibu na ofisi yako, nenda siku moja mchana, na Kijiji cha Makumbusho Kijitonyama kina nyumba za makabila, utazitafuta za kwenu. Kisiwa cha Mbudya unapanda boti Kunduchi, beba maji na kofia, nenda na watu wa ofisini mchange. Bagamoyo ni kama kilomita 70, asubuhi unaenda, unaona Kaole na mji mkongwe, jioni umerudi. Na toka 2024 kuna treni ya SGR mpaka Morogoro, ilianza kwa nauli ya 13,000, chini ya masaa mawili umeona milima ya Uluguru, kwa mtu wa Mbeya anayekumbuka baridi na milima hiyo itakusaidia sana ukishakaa miezi mitatu hivi na kuanza kukumbuka nyumbani. Ila watu utawapata kwa njia nyepesi zaidi, kanisani au msikitini, vikoba vya ofisini, na huyo mama wa vitumbua.

Ukishafika kwa shangazi anza na Jumamosi ya kwanza, zunguka nyumba tatu tu kwa siku, zaidi ya hapo zinachanganyika kichwani. Kwa kila moja andika kituo, dakika za kutembea, mita ya nani, maji ya nini na jina alilokutajia mtendaji, halafu niandikie hivyo vitano ntakwambia hapo pakoje.